Sarafu Chini ya Glasi

Bi Hansa alikataa uji. Akakataa chai, akakataa ndizi, akakataa hata ile biskuti kavu aliyoruhusiwa na daktari wa sukari, na kila akikataa anatazama mlango.

“Sili,” alisema. “Mpaka ndugu yangu aje nimfunge uzi wake. Tangu n’na meno ya utoto sijapata kula kabla yake siku ya leo, leo ndiyo nile kwa sababu n’mekuwa kizee?”

“Lakini bibi, dawa si umeshameza?” Redempta aliuliza. Redempta ndiye aliyekuwa msaidizi wa nyumba ile, mwanamke wa Bukoba mwenye sauti nene na miguu isiyochoka, na sahani ya uji ilikuwa bado mkononi mwake.

“Nimemeza. Dawa haina sikukuu.”

“Dawa ya sukari bila chakula, bibi!”

“Rudisha hiyo sahani, mwanangu, inaninukia.”

Jamani, ukaidi wa yule mama usiuombe. Redempta aliirudisha sahani jikoni akitikisa kichwa. Ilikuwa Agosti ya mwaka 2016, siku ya Raksha Bandhan, ambayo kwa Wahindu ni sikukuu ya ndugu wa tumbo moja. Dada humfunga kaka yake uzi uitwao rakhi kwenye mkono wa kulia, humtia alama nyekundu kwenye paji la uso na kumlisha kitamu. Kaka naye hutoa zawadi na kuahidi kumlinda dada yake maisha yote. Basi, ni hilo tu. Ukilisikia hivyo utasema mbona jambo jepesi, na huko Al Mankhool, mtaa wa Dubai, ghorofa ya tatu, mambo mepesi ndiyo yaliyokuwa yakiwashinda watu siku hiyo.

Sinia la shaba lilikuwa tayari mezani tangu alfajiri: taa ya samli, punje za mchele, unga mwekundu wa kumkum, vipande vya peda vilivyopikwa kwa maziwa, na rakhi yenyewe, uzi mwekundu wenye ushanga wa dhahabu wa bandia. Bi Hansa aliununua mwenyewe sokoni, akabishana na muuzaji mpaka muuzaji akaomba radhi. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Hurumzi, yeye na mdogo wake Kishor, na ijapokuwa miaka mingi ilishapita tangu familia ihamie Dubai, katika nyumba ile Kigujarati kilikuwa cha kusalia na Kiswahili cha kugombezana.

Na kugombezana kulikuwa kunakuja, maana Nila alitoka chumbani.

Nila ndiye binti pekee wa Bi Hansa. Alikuwa mhasibu katika kampuni ya kusafirisha mizigo, mwanamke wa makamo asiyeolewa na asiyelalamikia hilo, na siku hiyo aliomba ruhusa kazini kwa ajili ya mama yake. Aliitazama meza, akamtazama mama yake, akaelewa.

“Mama, mjomba kapiga simu jana. Ana mafua. Haji.”

“Mafua hayamzuii mtu kunyoosha mkono.”

“Basi tumpelekee huko huko dukani kwake.”

“Kasema nisende. Kasema yumo katika kuhesabu mali ya duka.” Bi Hansa akaupangusa upya ukingo wa sinia. “Atakuja. Hajapata kukosa.”

“Na asipokuja utazimia hapa kwa ajili ya uzi?” Sauti ya Nila ilipanda. “Uzi, Mama! Wa kulindwa na mwanamume! Ulipovunjika nyonga, nani alikubeba? Kodi ya nyumba hii inatoka kwa nani? Mjomba nampenda, lakini ulinzi wake niuone wapi? Na mimi nisiye na kaka je? Miaka yote siku kama hii nilikuwa nakalishwa kwenye kiti nawatazama wenzangu wanawafunga kaka zao, mashangazi wananipapasa kichwa, ‘Maskini, hana kaka.’ Kama mtoto niliyezaliwa nusu.”

Hilo la kiti Bi Hansa alikuwa halijui, au alilijua akalisahau, na sasa lilimchoma.

“Haya, nifunge mimi,” Nila akanyoosha mkono. “Mwanamume wa nyumba hii ni mimi. Nifunge, ule.”

“Lo! Mwana huyu! Uzi huu una mwenyewe.”

“Mwenyewe hayupo!”

“Basi tutamngoja,” alisema Bi Hansa, akaugeuzia uso mlango.

*

Nila aliingia jikoni akafungua friji bila kujua anatafuta nini. Redempta alikuwa anaosha sufuria kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

“Huyu mjomba ana nini?” Nila aliuliza, akijiuliza mwenyewe zaidi.

“Madam, mimi ya watu sitaki kuyasema.”

“Yaseme.”

Redempta hakungoja kuambiwa mara ya pili. “Mzee siku hizi amekuwa mkono wa birika. Haya, nimesema.”

“Mjomba Kishor? Mchoyo?”

“Hukuwepo wewe, unakuwa kazini. Zamani alikuwa mtu, madam. Akija kumwona bibi nampa maji, akishakunywa ananiachia dirhamu yangu chini ya glasi. Kila glasi! Kimyakimya, hata haniangalii usoni, kiungwana kabisa. Nimeziweka zote kwenye kopo la maziwa. Sasa tangu kabla ya Ramadhani hii iliyopita, hataki maji. Anakuja kwa miguu jua hili, shati limemgandama mgongoni, namletea maji ya baridi, ati hana kiu! Juzi nilimwona anaitazama ile glasi kama mtoto anayetazama pipi. Nikasema moyoni, mzee anaikwepa bakshishi yangu. Kufa na kiu kwa ajili ya dirhamu moja!”

Nila alifunga friji. “Redempta, ile haikuwa bakshishi.”

“Ilikuwa nini basi?”

“Ilikuwa bei ya maji.” Nila aliketi kwenye kigoda cha jikoni. “Kwa wazee wetu, mwanamume hali wala hanywi cha nyumba ya dada yake. Kwa dada unapeleka, huchukui. Mjomba kwa miaka yote, akijisahau akanywa chai hapa, analipa. Maji pia. Ndiyo anaweka sarafu, asije akaonekana kala cha dada yake. Nilipokuwa mdogo nikiziokota nanunulia ubani wa kutafuna. Mama akanipiga.”

Redempta alishika kinywa. “Mungu wangu wa mbinguni! Nimekula sadaka ya Wahindu!”

“Si sadaka.”

“Zimo zote, madam. Nakuletea kopo sasa hivi.”

“Acha kopo.” Nila hakucheka. “Kama hanywi, ni kwamba hawezi kulipa. Na kama kulipa glasi ya maji kumemshinda, basi sari ya kumpa Mama sikukuu hii ataitoa wapi? Hana mafua huyu. Ana aibu.”

Alichukua simu akapiga namba ya duka la mjomba wake, ile aliyoijua kwa moyo tangu utotoni. Sauti ya kijana ikaitika, “Duka la Awadh, karibu.” Nila akakata. Alichukua mkoba, akamwambia Redempta amkalie bibi karibu na asimwache hata kidogo, akateremka kutafuta teksi.

*

Kibao cha duka kilikuwa kipya. Pale palipokuwa na jina la babu yake Nila kwa herufi za kijani palikuwa na jina la Awadh kwa taa za kumetameta. Ndani, majora ya vitambaa yalikuwa palepale, na harufu ya vitambaa vipya ilikuwa ileile.

Kishor alikuwa juu ya ngazi. Alikuwa mzee mwembamba, shati limechomekwa vizuri, futi ya kupimia shingoni, na chini yake mteja mmoja mnene alikuwa akimwelekeza kwa kidole.

“La, si hilo, lile la bluu. La chini yake. Yalla, mzee, utatulaza hapa?”

“Samahani, madam,” Kishor alisema, akashuka na jora begani, akalifungua mezani kwa mikono miwili. Alikuwa akifungua majora kwenye meza ile tangu ujana wake, lakini zamani alikuwa upande wa kiti cha mwenye duka.

Kijana aliyekuwa kwenye kiti akainuka. “Karibu dadangu, nikuonyeshe kitu gani?” Huyo ndiye Awadh, mzaliwa wa Mombasa, ndevu zimechongwa na adabu zipo.

“Namtaka mjomba wangu,” Nila alisema.

Awadh alimtazama Nila, akamtazama mzee. “Kishorbhai, kumbe una jamaa? Mimi asubuhi si nimekwambia leo siku yenu, enda kwa ndugu zako, nitashika duka mwenyewe? Ukanambia huna mtu hapa Dubai.”

Kishor aliendelea kulikunja jora la bluu ingawa mteja alikuwa bado analitaka.

Neno lile lilimwingia Nila kama mwiba. Mtu awakane watu wake, awakane wakiwa umbali wa teksi moja! Alimvuta mjomba wake kwa mkono mpaka nyuma ya majora ya hariri, na mteja mnene akanyoosha shingo asipitwe.

“Huna mtu, mjomba?”

“Nila, mwanangu…”

“Duka limekwenda lini?”

“Limekwenda kabla ya Ramadhani.” Alisema kwa sauti ya chini. “Watu hawanunui nguo ya jora siku hizi, wananunua iliyoshonwa. Pango likanishinda. Huyu Awadh kijana mwema, kalichukua duka na mimi ndani yake. Nalala na wenzangu chumba kimoja mtaa wa Karama, vitanda vya ghorofa. Mimi wa juu.”

“Na hukutuambia.”

“Nikuambieni nini? Mimi ndiye wa kukulindeni. Leo n’ende kwa Dada na mikono mitupu, ninyooshe mkono nifungwe uzi, niseme nitakulinda? Kwa kitu gani? Kwa futi hii?” Aliigusa futi shingoni. “Mtu mzima haombi uongo ubarikiwe.”

“Na maji je? Dirhamu moja ilikuwa imekushinda?”

“Dirhamu nilikuwa nayo. Lakini mshahara unaishia kwenye deni la pango, nashinda kutwa nzima na kipande cha mkate. Niliogopa, mwanangu. Niliona nikinywa maji tu, nitaomba na chapati.”

Nila alikuwa amekuja na maneno ya ukali, kayapanga ndani ya teksi moja baada ya jingine. Yote yakamtoka kichwani, akamkumbatia yule mzee palepale, jambo ambalo hakupata kulifanya tangu usichana wake. “Mficha maradhi kifo humuumbua, mjomba,” alisema kwenye bega lake. “Kifo chenyewe kinataka kumuumbua mwingine. Mama hajala. Kameza dawa ya sukari, na kula hataki mpaka akufunge.”

“Hajala? Na dawa?”

Simu ya Nila ikalia. Alikuwa Redempta, na sauti yake nene ilikuwa imekuwa nyembamba. “Madam, bibi anatetemeka. Jasho jingi, na hii baridi yote ya kiyoyozi. Nampa maji ya sukari anafumba mdomo. Anamwita mama yake.”

Kishor alikuwa amekwisha kuivua futi. Awadh, aliyekuwa anasikiliza kila kitu, akalitupa jora la bluu mezani. “Twende, gari langu lipo hapo nyuma. Wewe mama,” alimwambia mteja, “duka lafungwa. Khalas, rudi kesho.”

*

Walimkuta Bi Hansa kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea kifua cha Redempta, midomo imepauka. Redempta alikuwa na kikombe mkono mmoja na rozari mkono wa pili, anasali na kugombeza kwa pamoja.

“Dada,” Kishor alipiga magoti. “N’mekuja. Kunywa hii sukari.”

Macho ya Bi Hansa yalifunguka, yakamtafuta, yakampata. “Mkono,” alisema.

“Kunywa kwanza, Dada, nakuomba.”

“Mkono.”

Hapakuwa na wa kubishana naye. Kishor akanyoosha mkono wake wa kulia. Nila akaunyakua uzi kwenye sinia, akauweka kwenye vidole vya mama yake, lakini vidole vilikuwa vinaruka, fundo linakataa. Nila akavishika vidole vile kwa vyake. Mama akavuta ncha moja, binti akavuta nyingine, na fundo likakaa. Taa ya samli hakuna aliyeikumbuka kuiwasha.

Kwa desturi dada ndiye humlisha kaka kwanza. Kishor hakungoja desturi. Alimega peda akaiweka kinywani mwa dada yake, akamega tena, akamshikia kikombe cha maji ya sukari mpaka kikaisha. Kisha wote wakakaa wanamtazama kama watu wanaongoja maziwa yachemke. Awadh alisimama mlangoni na viatu mkononi. Jasho likamkauka Bi Hansa taratibu, rangi ikarudi midomoni, akaanza kumtazama mdogo wake kwa macho yake ya siku zote, yale makali.

“Umekonda,” alisema. “Nani anakupikia?”

Ndipo Kishor akasema yote, palepale sakafuni, mbele ya mwajiri wake, mpwa wake na msaidizi wa nyumba. Duka, Karama, kitanda cha juu. Bi Hansa alisikiliza bila kumkatiza, na kwa mama yule huo ulikuwa muujiza wa pili wa siku.

“Sina sari mwaka huu, Dada,” alimalizia, akafungua viganja. “Sina kitu. Hata kukulinda siwezi.”

“Kunilinda na nini?” Bi Hansa aliuliza. “Kuna simba hapa Al Mankhool? Kabati limejaa sari zako, nyingine sijazikunjua. Mwenye kunilinda ni huyu,” akamwonyesha Nila kwa kidevu, “na sijapata kumwambia ahsante hata siku moja, kwa vile nilikuwa namngoja mwanamume aje aifanye kazi iliyokwisha kufanywa. Ahsante, mwanangu. Na kile kiti cha utotoni, nisamehe. Sikukiona.”

Nila aligeuka akatazama dirisha, maana machozi yalikuwa yamemjia na hakutaka Awadh ayaone.

“Mimi uzi nakufunga,” Bi Hansa aliendelea kumwambia mdogo wake, “usije ukanipotea. Wewe ndiye umebaki duniani unayeijua sauti ya mama yetu. Nikikukosa wewe nitamuuliza nani? Sasa zawadi yangu naidai. Siku ya leo dada akidai, kaka hakatai. Kweli si kweli?”

“Kweli, Dada.”

“Redempta, mletee maji.”

Redempta alikwenda jikoni akarudi na glasi ya maji ya baridi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kopo la maziwa. Aliliweka kopo mezani likalia kwa sarafu, akasema haraka kabla moyo haujabadilika: “Mzee, nisamehe. Hizi zilikuwa zako wewe na bibi. Mimi nilidhani ni bakshishi yangu.”

Kishor alilitazama kopo, akamtazama Redempta, na uso wake wote ukakunjamana kwa kicheko. Bi Hansa alicheka mpaka akashika nyonga. “Si zilikuwa bei ya maji? Na maji alikuwa analeta nani, mie? Chukua kopo lako, mwanangu, usinitie wazimu.”

“Nashukuru, bibi,” alisema Redempta, akalikumbatia. “Mungu awape maisha.”

“Na wewe,” Bi Hansa akamgeukia Kishor, “kunywa. Usilipe. Usiku utalala chumba kile cha pembeni, na kesho utakunywa tena, na hutalipa.”

“Nyumba ya dada, Dada…”

“Si ya dada,” Nila alisema kutoka dirishani. “Kodi nalipa mimi. Ni nyumba yangu.”

“Ndiyo mbaya zaidi! Cha mpwa hakiliwi kabisa!”

“Mjomba, kunywa maji.”

Kishor aliishika glasi. Ile rakhi ilimning’inia mkononi, fundo lake limekaa upande, la watu wawili wasioelewana. Mkono wa pili uliingia mfukoni wenyewe, kwa mazoea ya miaka, na wote wakauona. Ukakaa humo kidogo. Kisha ukatoka mtupu, akanywa, maji yakimshuka kidevuni, akanywa mpaka chini na kuitua glasi mezani.

“Mwaka ujao,” Nila alimwambia mama yake, “utanifunga mimi pia.”

“Mwaka ujao tutaona,” alisema Bi Hansa. “Leta ule uji.”

Redempta aliiinua glasi kuipeleka jikoni, na kwa mazoea yake naye akapapasa chini. Palikuwa na duara la maji juu ya meza, basi. Akamshukuru Mungu kwa Kihaya, kwa sauti, bila kuona haya.

“Binti,” Kishor alimwita. “Niongezee mengine.”